Madaftari ya Machipuko: Namna Waingereza Walivyojifunza Kungojea Ndege

Wasomi wengi wa Ulaya, wakimfuata Aristoteli, waliamini kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huwaopoa kwa nyavu wakiwa wameshikamana chini ya maji. Yaliyoidhoofisha imani hiyo ni pamoja na subira ya watu waliokaa kijijini mwao wakihesabu siku.

Robert Marsham, mwenye mashamba wa Stratton Strawless, Norfolk, alianza mwaka 1736 kuandika tarehe ambayo mbayuwayu wa kwanza alionekana, kekeo wa kwanza alisikika na miti ilichanua majani, yaani dalili za machipuko, majira yanayofuata baridi. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 60, na jamaa zake wakaziendeleza kumbukumbu hizo hadi mwaka 1958, urithi wenye thamani kubwa kwa fenolojia, taaluma inayolinganisha kalenda na matukio ya viumbe.

Uzeeni Marsham aliandikiana na Gilbert White, kasisi wa Selborne, Hampshire, ambaye sikio lake lilikuwa kali kuliko jicho la wengi. Ndege wadogo wa kijani na manjano, waliodhaniwa kuwa wa aina moja, White aliwagawa katika aina tatu kwa kuwa kila moja ina wimbo wake. Mmoja wao, chiffchaff, ambaye hutangulia kufika mwezi Machi, hurudia sauti mbili tu. Hata hivyo, mtu huyo makini, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1789, hakuachana kabisa na wazo kwamba baadhi ya mbayuwayu hulala karibu, kwani daftari humwonyesha mwandishi siku ya kurudi lakini halimwonyeshi walikotoka.

Jibu lililetwa na pete. Mwaka 1899 Mortensen, mwalimu wa Viborg, Denmark, aliwavisha kwenzi pete za alumini zenye namba na anwani, na Uingereza ikaiga mwaka 1909. Tarehe 6 Mei 1911, mwanasheria John Masefield alimvisha pete mbayuwayu aliyetaga nyumbani kwake Cheadle, Staffordshire. Desemba 1912, barua kutoka Natal, Afrika Kusini, iliarifu London, kwenye anwani ya pete hiyo, kwamba ndege huyo amekamatwa karibu na mji wa Utrecht.