Hawa Wamebeba Nini?

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilirudi nyumbani nje kidogo ya Wote, Makueni, nikapewa kazi ya kwanza iliyokuwepo: Black Mamba ya baba na mitungi minne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 za maji, na mlima uko njia ya kurudi, si ya kwenda. Wasee wa rika langu pale stendi ya nduthi walikuwa wananipigia saluti: "Msomi amerudi na Mamba!"

Julai hiyo nilianza kutazama Tour de France kwa simu, dakika tano leo, dakika tano kesho, kulingana na bando. Jioni moja nikamwonyesha baba. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Hawa wamebeba nini?"

"Hawajabeba kitu, baba."

"Sasa wanaenda wapi?"

Nilicheka. Lakini nimesoma mengi kuhusu mchezo huu tangu siku hiyo, na sijapata swali bora kuliko hilo.

Wamarekani nao mbio za baiskeli haziwashiki, na ajabu ni kwamba zamani ziliwashika. Mwishoni mwa karne ya 19, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ulikuwa unajaa watu waliokuja kutazama mbio za siku sita. Major Taylor, Mmarekani mweusi, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1899. Kisha gari likaja, na baiskeli ikawa zawadi ya mtoto. Baadaye sana wakampata Greg LeMond, aliyeshinda Tour mwaka 1986, halafu Lance Armstrong, ambaye mwaka 2012 alivuliwa mataji yake yote saba kwa kutumia dawa. Wengi walikuwa wamekuja kwa ajili ya mtu mmoja, wakaondoka naye.

Sababu inayotajwa sana ni kwamba mchezo wenyewe hautazamiki. Unasimama masaa matatu kando ya barabara, wanapita sekunde kumi, basi. Hakuna goli, hakuna uwanja.

Mimi hiyo nimeikataa, kwa sababu ya babu. Babu alisimama kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Sultan Hamud, Pasaka baada ya Pasaka, kungoja Safari Rally. Alichoona ni vumbi na taa. Lakini hadi leo anakuhadithia Joginder Singh alivyoshinda 1965, 1974 na 1976 kana kwamba alikaa naye ndani ya gari. Hakuyaona. Aliyasikia kwenye redio, kisha akatoka barabarani kuhakikisha ni kweli.

Kwa hiyo kupita haraka si shida. Mchezo wa barabarani huanza kwa kusimuliwa, ndipo utazamwe. Tour de France yenyewe ilianzishwa na gazeti, L'Auto, mwaka 1903, ili kuuza nakala. Shida yetu ni kwamba baiskeli haikupata msimulizi, na nadhani najua kwa nini.

Kitui na Makueni, baiskeli ni maji. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Unachimba, unangoja, unateka, unafunga mitungi kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi kuukuu. Baiskeli imebeba makaa, maembe, hata mgonjwa. Pikipiki zilipojaa mwishoni mwa miaka ya 2000, aliyebaki kwenye Mamba akaonekana ameachwa nyuma. Nani atasherehekea kitu ambacho kila mtu anajaribu kukiacha?

Eritrea ilienda njia nyingine. Waitaliano walileta mbio pamoja na baiskeli. Giro d'Eritrea ya kwanza ilikuwa 1946. Kwa hiyo Biniam Girmay aliposhinda hatua tatu za Tour mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho, watu wa Asmara hawakuhitaji kuelezwa alichofanya. Rwanda nayo imeijenga Tour du Rwanda mwaka baada ya mwaka, hadi Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika.

Sisi je? Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, akavaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006. Tour nne alizoshinda, kuanzia 2013, zimeandikwa Uingereza. Suleiman Kangangi alibaki Mkenya, akafa Agosti 2022 baada ya kuanguka mbioni Vermont, Marekani. Mimi nililisikia jina lake mara ya kwanza kwenye taarifa ya kifo chake. Hilo linaniuma, maana nilikuwa na baiskeli wakati huo.

Krismasi iliyofuata, mwenye duka mmoja kwetu alitoa mbuzi kwa mshindi wa mbio za Mamba, kutoka sokoni hadi mtoni na kurudi. Tulikuwa kama ishirini. Kijana mmoja aliazima spika ya kanisa, akapanda juu ya meza akaanza kutangaza: huyu ni mtoto wa fundi viatu, yule breki zake ni za miguu, na huyu ndiye yule msomi wetu! Watu walijaa pande zote mbili za barabara. Walituona sekunde kumi tukienda na sekunde kumi tukirudi, na hakuna aliyeondoka katikati.

Nilimaliza wa saba. Baba alikuja mbio, akainama, akazungusha gurudumu la nyuma kuangalia kama rimu imepinda. Ilikuwa sawa. Ndipo akaniangalia mimi.

"Bila mitungi," akasema, "kumbe unakimbia."