Mizabibu ya Uani: Machipuo ya Mwisho ya Pompeii

Mfasiri wa Kiswahili anayefika kwenye neno la Kilatini *ver* hana budi kusita. Pwani na visiwani mwaka hugawika kwa pepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli. Hapana msimu ambapo mti uliokauka kama fimbo huvaa tena majani kwa siku chache. Wako waandikao *masika*, shairi likalowa mvua ambayo mtunzi wake hakuitaka. Wengine huandika *machipuo*. Neno hili ni la vitabuni, lakini laukaribia ukweli zaidi, maana kwa mkulima wa Kirumi msimu huo ulionekana mapema katika jicho la mzabibu linapofumbuka.

Wapenzi wa mashairi huujua mzabibu huo kwa njia ya Virgil, ambaye *Georgica* yake ilikamilika mwaka 29 K.K. Katika kitabu cha nne cha utenzi huo yumo mzee mmoja wa Tarentum, mwenye kipande cha ardhi kisichofaa hata kwa malisho, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchuma waridi kila mwaka. Kisha Virgil akasema kwamba habari za bustani anawaachia watakaokuja. Katika karne iliyofuata Columella, mzaliwa wa Gades huko Hispania, akaupokea wasia huo: kati ya vitabu vyake 12 vya kilimo, cha 10, kinachohusu bustani, alikitunga kwa mashairi, na vilivyobaki akaviandika kwa nathari. Ushairi wake haumfikii Virgil, lakini ni ushairi wa mtu aliyeshika jembe.

Je, watu wa kawaida walikuwa na bustani kama hizo, au ni mapambo ya washairi tu? Jibu lilikuwa chini ya majivu ya mlima Vesuvius, na nusura lipotee.

Nyumba ya Pompeii ingefahamika upesi kwa mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu: kuta zisizo na macho upande wa njia, na mwanga wote umetunzwa ndani, uani. Mji ulifunikwa mwaka 79 B.K., na uchimbaji ulianza 1748. Kwa miaka 200 na zaidi wachimbaji walitafuta sanamu, michoro na dhahabu. Ua lilipoonekana kuwa tupu, liliondolewa udongo bila kutazamwa, na mizizi iliyokuwamo ikaondoka nao. Hasara hiyo haina fidia. Ajabu ni kwamba njia ya kuiepuka ilikuwa tayari mikononi mwao: mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli alimimina plasta katika nafasi zilizoachwa na miili ya binadamu iliyooza, na umbo la mtu likarudi. Umbo la mti lilingoja zaidi.

Aliyeliendea ni Wilhelmina Jashemski, Mmarekani aliyezaliwa 1910, mwanahistoria ambaye kitabu chake cha kwanza kilihusu mamlaka ya magavana wa Roma. Mwaka 1961 alianza kuzichunguza bustani za Pompeii, na mumewe Stanley, mwanafizikia, akawa mpiga picha wake. Mzizi ulipooza, vijiwe vyepesi vya volkano viliteremka na kujaza nafasi yake. Jashemski na wenzake walivitoa vijiwe hivyo polepole, wakatia waya, wakamimina saruji, wakangoja ikauke, kisha wakauondoa udongo pembeni. Mzizi ukasimama.

Karibu na uwanja mkubwa wa michezo palikuwa na kiwanja kilichodhaniwa kuwa soko la ng'ombe. Hapo ilipatikana mizizi 2,014 ya mizabibu, iliyopandwa kwa safu, kila mzabibu na kigingi chake, pamoja na vibaraza vya mawe vya kulia chakula chini ya majani. Hilo lilikuwa shamba la biashara. Kinachogusa moyo zaidi kiko hatua chache kutoka hapo, nyuma ya nyumba ya mvinyo ya mtu aitwaye Euxinus, ambaye jina lake limebaki kwa sababu liliandikwa kwenye mtungi aliopelekewa. Uani kwake palikuwa na mizabibu kama 30, na kasiki mbili za kuchachushia. Si tajiri huyu, wala hakuandikiwa utenzi.

Kwake machipuo yalikuwa kazi: kupogoa, kufunga matawi kwenye vigingi, kupalilia. Yalikuwa furaha pia, kwani tarehe 23 Aprili, siku ya Vinalia, mvinyo wa mwaka uliopita ulifunguliwa na kuonjwa. Pliny Mkubwa, aliyeutaja mzabibu wenye jina la Pompeii, anaonya kwamba mvinyo wa huko humwachia mnywaji maumivu ya kichwa hadi adhuhuri ya siku ya pili. Huenda wateja wa Euxinus walilijua hilo bila kusoma.

Mvinyo wa Italia ulisafiri mbali wakati huo. *Periplus*, kitabu cha mabaharia cha karne hiyohiyo, chautaja miongoni mwa bidhaa zilizoshushwa Barygaza, Bara Hindi. Na kinapofika Azania, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, chasema kwamba mahali pengine wafanyabiashara walileta mvinyo na ngano, si kwa kuuza bali kwa kutafuta urafiki wa wenyeji.

Pliny alikufa katika mlipuko uleule, kwenye ufuo wa Stabiae. Mwaka 1759, katika nyumba moja ya Stabiae, ulipatikana mchoro mdogo ambao sasa umo katika makumbusho ya Naples: msichana amevaa nguo ya manjano, ametupa mgongo, anakwenda peku. Mkono mmoja umepakata kikapu cha maua. Wa pili umenyooka pembeni, unachuma ua jingine, na uso wake hauonekani.