Ugonjwa wa moyo: wanyama jike walitufundisha nini juu ya wamama?

Kwetu huku watu wengi wanafikiri kama ugonjwa wa moyo ni wa wababa. Mama akikosa pumzi na kuchoka, tunasema ni kazi ya shamba. Mawazo hayo hayako kwetu peke yake: hata katika laboratwari za nchi kubwa yalikuwako.

Juu ya nini walitumia wanyama dume?

Kwa miaka mingi, watafiti wa moyo walitumia zaidi panya dume. Walisema homoni za jike zinapanda na kushuka kila siku chache, kwa hiyo zitavuruga matokeo. Kisha matokeo ya dume yalichukuliwa kama ni ya wote, hata dawa za wamama. Tangu 2016, NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayolipia utafiti wa afya, inaomba watafiti wafikirie dume na jike pia, ao waeleze sababu ya kuacha upande mmoja.

Estrojeni inafanya nini?

Ni homoni ambayo mwili wa mwanamke unatengeneza kwa wingi mpaka siku zake za mwezi zinakoma, mara nyingi karibu na miaka 50. Inasaidia mishipa ya damu kupanuka vizuri. Ndiyo sababu moja inayotajwa kwa nini wamama wanapata ugonjwa wa moyo karibu miaka 10 nyuma ya wababa. Wanachelewa, lakini hawaepuki.

Kima wa Thomas Clarkson

Huko North Carolina, Marekani, Thomas Clarkson na wenzake walichunguza kima jike, kwa kuwa wanapata siku za mwezi sawa na wanawake. Waliwatoa ovari, wakawalisha chakula chenye mafuta mengi. Wale waliopewa estrojeni mara moja, mishipa yao iliziba kidogo sana. Wale waliongojeshwa miaka 2, ambayo ni sawa na miaka 6 hivi ya mtu, estrojeni haikuwasaidia tena. Mishipa ilikuwa imekwisha kuharibika.

Na kwa wanawake?

Mwaka 2002, uchunguzi mkubwa wa Marekani ulisimamishwa mbele ya wakati. Wanawake 16,608 walikuwa ndani. Wengine walipewa estrojeni pamoja na homoni ingine, wengine dawa ya bure isiyo na kitu. Waliopewa homoni walipata zaidi magonjwa ya moyo, kupooza na kansa ya maziwa. Watu walishangaa: si wanyama walionyesha kama estrojeni inalinda? Lakini wanawake hao walikuwa na miaka 63 kwa wastani; wengi siku zao zilikoma zamani. Walifanana na wale kima waliongojeshwa.

Mwaka 2016, uchunguzi mwingine wa wanawake 643 ulionyesha kama estrojeni ilipunguza mwendo wa mshipa wa shingo kunenepa kwa wale walioianza mbele ya miaka 6 kupita. Kwa waliokawia miaka 10 na zaidi, haikusaidia.

Tushike nini?

Mama, usinunue homoni sokoni juu ya kulinda moyo. Muganga ndiye anajua umri wako na hatari yako. Siku zikikoma, pimisha tansio. Na kama kifua, mgongo ao taya vinauma, pumzi inakatika, usiseme ni uchovu tu. Enda kituo cha afya mapema.