Sentensi sahihi, maana nyingine: Maneno ya Kiingereza yanayowachanganya wengi

WENGI wanaojifunza Kiingereza huogopa makosa yanayoonekana, kama vile kusahau herufi "s" mwishoni mwa kitenzi. Makosa hayo huaibisha, lakini aghalabu msikilizaji huelewa kilichokusudiwa. Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloonekana: sentensi iliyokamilika kisarufi, ila inasema jambo jingine. Mwajiri anayesoma barua ya maombi ya kazi hawezi kulisahihisha kosa la aina hiyo, kwa kuwa hajui kama lipo.

Ifuatayo ni mifano inayojitokeza mara kwa mara katika barua, usaili na mikataba.

"Used to" na "be used to"

Mwombaji anayetaka kueleza kuwa amezoea kazi za usiku huandika "I used to work at night". Maana ya maneno hayo ni "zamani nilikuwa nikifanya kazi usiku", na ndani yake mna dokezo kwamba siku hizi hafanyi tena. Aliyezoea huandika "I am used to working at night". Hapo kitenzi "am" hutangulia, na kitenzi kinachofuata huishia na "-ing".

"Worked" na "have worked"

"I worked in a bank for three years" ni kauli ya mtu aliyekwisha kuondoka benki. "I have worked in a bank for three years" kwa kawaida huelezea mtu ambaye bado yupo. Kiswahili chaweza kusema "nimefanya kazi benki kwa miaka mitatu" katika hali zote mbili, na ndiyo maana tofauti hii huponyoka kirahisi.

"Little" na "a little"

Herufi moja tu hutenganisha kujishusha na kujieleza. "I have little experience" ni kukiri kwamba uzoefu hautoshi. "I have a little experience" ni kusema kwamba uzoefu upo, japo si mwingi. Kwa vitu vinavyohesabika hutumika "few" na "a few": "few people came" hulalamikia uchache wa waliofika, ilhali "a few people came" huarifu tu kwamba watu kadhaa walifika.

"Hard" na "hardly"

Wanafunzi hufundishwa kuwa kielezi hupatikana kwa kuongeza "-ly", kama "slow" linavyozaa "slowly". Neno "hard" halifuati kanuni hiyo. "She works hard" ni sifa ya mchapakazi. "She hardly works" ni shutuma kwamba ni kama hafanyi kazi kabisa. Vivyo hivyo "late" ni kwa kuchelewa, na "lately" ni siku za karibuni.

"Stop to" na "stop" yenye "-ing"

"He stopped to smoke" ina maana kwamba alisimama ili avute sigara. "He stopped smoking" ina maana kwamba aliacha kuvuta. Mgonjwa akichanganya kauli hizi mbele ya daktari, atakuwa ametoa jibu lililo kinyume cha ukweli.

"By" na "until"

Mkanganyiko huu waweza kugharimu fedha, kwa sababu neno "hadi" mara nyingi hubebeshwa maana zote mbili. "By" huweka kikomo cha tendo linalokamilika mara moja: "pay the rent by Friday", yaani kodi iwe imelipwa ifikapo Ijumaa, na anayelipa Jumatano yu sahihi. "Until" hupima muda wa hali inayoendelea: "the office is open until Friday", yaani ofisi itakuwa wazi siku zote hizo mpaka Ijumaa. Mpangaji aliyeandikiwa "you may stay until 30 June" ameruhusiwa kukaa hadi siku hiyo. Aliyeandikiwa "you must leave by 30 June" ametakiwa awe amekwisha kuhama itakapofika.

Njia ya kujikinga

Chanzo cha makosa mengi ya aina hii ni mazoea ya kulinganisha neno moja na neno moja, kama kamusi ndogo zifanyavyo. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kina uwezo wa kutenganisha maana hizo: "nimezoea" si "nilikuwa nikifanya", "kadhaa" si "wachache mno", na "ifikapo Ijumaa" si "muda wote mpaka Ijumaa". Mwandishi anayeipima kwanza maana kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha akatafuta kauli ya Kiingereza inayoibeba, hupunguza hatari ya kutia saini jambo asilolikusudia.