Walanguzi wa Majina

Tuseme leo zimevuma habari Igowole, kule Mufindi, kwamba barabara fulani itatiwa lami. Kabla jua halijazama, viwanja vya kando yake vitakuwa vimepanda bei. Mfanyabiashara wa Mafinga akiwahi kununua viwili, nani atamlaumu? Amebahatisha, kama wengine wanavyobahatisha kwa kupanda mipaina na kungoja miaka. Lakini ikija kujulikana kwamba mnunuzi ni yule yule mpima aliyechora ramani, au mjumbe wa halmashauri ya kijiji iliyokaa kuvigawa viwanja hivyo, watu watakunja nyuso. Fedha aliyotoa ni halali, karatasi zake zimegongwa muhuri, na bado kuna kitu kimeibwa.

Nimeanza na viwanja kwa sababu biashara ninayotaka kuizungumzia haionekani kwa macho. Ni biashara ya majina ya vikoa, yaani yale majina tunayoyaandika kwenye kompyuta au simu ili kulifikia duka, ofisi au gazeti katika intaneti. Jina moja huwa na mwenyewe mmoja tu duniani, naye ni yule aliyewahi, maadamu analipa ada. Hapo mwanzo yalitolewa bure. Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, alijiandikishia jina la McDonald's ili kuonyesha tu kwamba kampuni kubwa zimelala, akalirudisha baada ya kampuni hiyo kukubali kuisaidia shule moja ya Brooklyn. Mwaka 1995 ikaanza kutozwa ada ya dola 100 kwa miaka miwili, na mzaha ukageuka biashara. Mwaka 1999 jina business.com liliuzwa kwa dola milioni 7.5. Mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria dhidi ya wanaoteka majina ya kibiashara ya wenzao.

Sisi tunaokumbuka vita ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi tunaweza kuwa wepesi wa kumpa jina hilo kila mwenye akiba ya majina. Mimi sioni hivyo. Mtu anayenunua neno la kawaida, akalilipia mwaka hadi mwaka huku akingoja mteja, hakumnyang'anya mtu kitu. (Anayechukua jina la duka la mwenzake ili amkamue, huyo ni mwingine, na sheria inamjua.) Hatari kubwa imekaa nyuma ya kaunta.

Ilikuwapo Marekani kampuni iitwayo SnapNames, iliyokuwa ikinadi majina ambayo wenyewe wameacha kuyalipia. Novemba 2009 ilitangaza kwamba mmoja wa wafanyakazi wake alikuwa akishiriki katika minada hiyo, kwa jina la kificho, tangu mwaka 2005. Aliposhinda, alichukua jina. Aliposhindwa, alikuwa amekwisha mpandishia bei mnunuzi wa kweli. Mwaka uliotangulia, msajili mkongwe Network Solutions alishutumiwa kwa jambo jingine: mteja akiulizia kama jina fulani lipo wazi, kampuni hulishika kwa siku 4, asiweze kulinunua kwingine. Ilijitetea kwamba inamlinda mteja dhidi ya wajanja. Labda. Lakini mlinzi huyo alihakikisha pia kwamba mteja hatoki dukani mwake.

Hata mezani kwa wakubwa mambo yalikuwa hivyo. Juni 2011, huko Singapore, bodi ya ICANN, shirika linalosimamia mpangilio wa majina haya duniani, ilipitisha mpango wa kuruhusu miishio mipya ya majina. Mwenyekiti wake, Peter Dengate Thrush, alimaliza muda wake, na baada ya wiki chache akawa mkuu wa kampuni iliyojiandaa kuomba miishio hiyo hiyo.

Mpango huo ndio uliotuletea sisi Waafrika kesi yetu. Mwaka 2012 waombaji wawili waliutaka mwishio wa .africa, kila ombi kwa ada ya dola 185,000: DotConnectAfrica, iliyosajiliwa Mauritius na kuendesha shughuli zake Nairobi, na kampuni ya Afrika Kusini inayojulikana kama ZACR. Umoja wa Afrika ulikuwa umewapa wale wa kwanza barua ya kuwaunga mkono mwaka 2009. Mwaka 2010 ukabadili msimamo, kisha ukatangaza zabuni na kuwachagua wa Afrika Kusini. Hadi hapo, sawa. Mwenye mali huchagua fundi wake. Lakini Umoja huo huo ukaingia pia katika kamati ya serikali inayoishauri ICANN, na Aprili 2013 kamati hiyo, ikikutana Beijing, ikashauri ombi la DotConnectAfrica lisiendelee. Mtoa zabuni amekaa na waamuzi! Julai 2015 jopo huru liliamua kwamba ICANN ilikwenda kinyume cha katiba yake katika kulishughulikia ombi hilo. Hata hivyo, Februari 2017 .africa ilikabidhiwa ZACR, na mwaka 2019 DotConnectAfrica ikashindwa mahakamani Los Angeles. Sisemi aliyepata hakustahili. Ila hatutajua kamwe angepata vipi kama mizani ingeshikwa na mkono mwingine.

Nasi hapa nyumbani somo hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Zanzibar, mwaka 1991, masharti hayo yakalegezwa. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mwaka huo huo wa 1995 ndipo Tanzania ilipoandikishiwa .tz yake. Tena mwaka 2006, ilipoundwa tzNIC kuitunza, waasisi walikuwa wawili: TCRA, mdhibiti, na TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti, yaani wale wale wanaowauzia watu majina. Ushirikiano huo ulikuwa na faida zake, maana ujuzi ulikuwa kwa watoa huduma. Lakini anayepokea maombi huliona jina la ushirika wa wakulima wa chai wa Mufindi kabla halijasajiliwa. Kanuni ya kumkataza yeye, mkewe na shemeji yake kulinunua jioni ile ile iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe hapo hapo anapopokelea ada.