Wimbo mmoja, usiku mzima: Tanga ilivyomsikiliza Shakila

Chumbageni, Tanga. Harusi ikiwa mtaani, turubai likishatandwa na kikundi cha taarab kikishapanga vyombo vyake, mgeni hukodolea macho jukwaa. Mwenyeji anajua kwamba nusu ya mambo iko kwenye viti. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mama mmoja huinuka, hujitengeneza kanga yake, kisha huenda mbele kwa mwendo wa kujivuta, mabega yakifuata mdundo, noti kaishika juu ili kila mmoja aione. Hana haraka hata kidogo. Akifika humtia mwimbaji noti mkononi au humbandika kwenye paji la uso, hucheza naye kidogo, kisha hurudi zake. Nyuma yake wameshasimama wengine. Mwimbaji hana njia ya kuupita ubeti ule. Huurudia, na huurudia tena, mpaka waliosimama waishe.

Huko ndiko kutunza. Historia ya taarab ya Tanga imesimuliwa mara nyingi kwa majina ya vikundi, ya vyombo na ya santuri. Nataka leo kuisimulia kutoka upande wa viti, kwa sababu naamini kwamba sauti iliyopendwa kuliko zote zilizotoka katika mji huu, sauti ya Shakila Said, haikujengwa na kikundi peke yake. Waliomsikiliza waliijenga pamoja naye, usiku baada ya usiku, na sehemu yao ya kazi haimo katika santuri yoyote.

Mwanzoni msikilizaji hakuwa na ruhusa kubwa hivyo. Taarab iliingia Zanzibar kama burudani ya kasri. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga ganuni, na mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kipo hadi leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na walioalikwa walikaa kwa adabu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, ndiye aliyeutoa muziki huo kwa wakubwa na kuutia Kiswahilini mpaka ukafika vibarazani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na pwani nzima ikamsikia.

Hapa Tanga ina haki ya kujivunia jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha. Mtu aliyekaa akaandika kitabu kizima kuhusu mwimbaji huyo alikuwa mtoto wa hapa: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Alikuwa amesoma mengi na kuwafahamu wakubwa wengi. Angeweza kuandika maisha ya liwali, ya shehe au ya gavana. Alimchagua mwanamke aliyeimba. Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu cha mpenzi wa muziki kabla hakijawa kitabu cha mwanahistoria. Anamsifu mtu wake bila kuona haya, na anamtaka msomaji naye amsifu. Ukiusoma wasifu ule ukiwa umekulia Tanga, huoni ajabu kwamba mji huohuo ulikuja kuwa na wasikilizaji wa namna ile.

Wasikilizaji hao walikuwa na shule nyingine, na shule hiyo ilikuwa redio. Cairo ilikuwa ikimrusha hewani Umm Kulthum Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na katika matamasha yake wimbo mmoja uliweza kupita saa nzima. Sababu ilikuwa watazamaji. Walipiga kelele za furaha, wakamwomba arudie mstari, naye akaurudia kwa namna nyingine, wakaomba tena. Urefu wa wimbo ulikuwa mikononi mwa waliokaa. Watu wa pwani waliokuwa na redio waliyasikia hayo hata kama Kiarabu kiliwapita, na wapiga vyombo wa taarab waliyasikia kwa sikio la kazi. Tofauti ni kwamba mpenzi wa Cairo aliomba kwa sauti akiwa kitini. Wa Tanga aliinuka.

Kwa nini Tanga? Jibu langu ni kazi na mshahara. Mji huu ulikuwa na bandari, ulikuwa na reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, na nyuma yake kulikuwa na mashamba ya mkonge yaliyoajiri watu kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu. Mtu mwenye mshahara mwisho wa mwezi hutafuta pa kwenda. Ndiyo maana mji huu wa wastani ulimudu kulisha bendi za dansi zenye jina kubwa: Jamhuri Jazz, iliyoanza kama Young Nyamwezi, na Atomic Jazz, mahasimu wake, na hata mashamba ya Amboni yakawa na jazz yao. Gitaa la umeme lilikuwa sauti ya kawaida mjini hapa mapema kuliko sehemu nyingi.

Taarab nayo ilikuwepo. Miaka ya 1950 vilikuwepo vikundi vya Young Novelty na Shabaab al-Watan. Kisha, katika miaka ya 1960, kikaja Black Star Musical Club, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Black Star hawakuhangaika kuiga okestra ya Misri yenye safu ya fidla. Walichukua gitaa, wakachukua besi, wakaweka ngoma ndogo zenye mdundo wa dansi, na mbele ya yote wakamsimamisha mwanamke. Mdundo ule uliuruhusu mwili kutikisika. Taarab ya zamani ilimtaka msikilizaji azame. Hii ilimtaka azame na wakati huohuo ainuke. Mtindo wa Tanga ukasambaa Mombasa, ukasambaa bara, hata Burundi kukawa na waliouiga.

Mwanamke aliyesimama mbele alikuwa Shakila, mtoto wa Pangani, mji wa mdomo wa mto kusini mwa Tanga. Waimbaji wa taarab wa zama zile hawakuruka wala kukimbia jukwaani. Walisimama. Kila kitu kilikuwa kwenye koo, kwenye macho, na kwenye jinsi mtu anavyoliacha neno litoke. Msikilize katika Macho Yanacheka au Kifo cha Mahaba. Sauti ni nyembamba, imenyooka, ina ukali kidogo pembeni, na haimbembelezi msikilizaji. Gitaa linacheza kwa raha zake kana kwamba hakuna msiba, na yeye juu yake anasimulia msiba. Hapandishi sauti pale ambapo mwimbaji mwingine angepandisha. Huuweka mstari chini taratibu, huuacha ukae, halafu huuchukua unaofuata. Mtu aliyeumizwa na mapenzi akimsikia, hudhani kwamba siri yake imevuja.

Mashairi aliyoyaimba mara nyingi yalitungwa na wanaume, kama ilivyokuwa desturi ya vikundi. Lakini wimbo ukishapita kwake ulikuwa wake, na wanawake waliokaa mbele waliuchukua kuwa wao. Hapo ndipo kutunza kulipopata nguvu yake. Kelly Askew, mtafiti wa Kimarekani aliyeishi Tanga miaka ya 1990 na kupiga muziki pamoja na vikundi vya hapa, amelieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha 2002, Performing the Nation. Aliona kwamba pesa ile si ya kumlipa mwimbaji tu. Anayeinuka kwenye ubeti fulani anautia saini ubeti huo mbele ya watu. Anasema: maneno haya ni yangu, na anayehusika amesikia. Mke mwenza anaweza kuwa amekaa safu ya tatu. Jirani aliyesema mabaya jana anaweza kuwa pale mlangoni. Hakuna aliyetajwa jina, hakuna wa kushtakiwa, na kila mtu ameelewa.

Kwa hiyo shabiki wa Tanga alipaswa kuwa fundi. Ilimbidi aujue wimbo mzima, ajue ubeti gani unakuja, aanze kutembea mapema kidogo ili afike mbele neno linapotamkwa. Akichelewa, atatunza ubeti usiokuwa wake, na maana itageuka. Ilimbidi pia ajue kiasi cha kuonyesha hisia. Wapo waliotunza wakilia. Wapo waliotunza wakicheka usoni mwa mtu. Wapo waliotunza kwa sababu moja tu, kwamba sauti imewashinda na hawana namna nyingine ya kusema ahsante. Hawa wa mwisho ndio ninaowapenda zaidi, na sidhani kama walikuwa wachache.

Naye mwimbaji alipaswa kuwapokea wote. Fikiria kazi aliyokuwa nayo Shakila: kushika hisia ya ubeti mmoja huku mikono ya watu ikimfikia usoni, kutazama nani anakuja, kumpa kila mmoja nafasi, kurudia maneno yaleyale mara ya tano bila kuyachosha. Mpiga besi anamtazama yeye, na yeye anawatazama watu. Upendo wa wasikilizaji ulikuwa unampangia muundo wa wimbo.

Sasa chukua santuri. Katika ile ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika chache tu, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Nyimbo zilichapwa Kenya, na wafanyabiashara wa Mombasa walizitoa na kuzieneza. Bila wao tusingekuwa na kitu leo, na nawashukuru. Lakini studio haikuwa na viti. Ubeti uliorudiwa mara tano ukumbini uliimbwa mara moja, wimbo ukafungwa, ukaisha. Tunachokiita leo Macho Yanacheka ni kiini cha kitu kilichokuwa kirefu zaidi na chenye watu ndani yake. Mtu anayemjua Shakila kwa santuri tu amemjua kweli, ila hajawajua waliomfanya aimbe vile.

Umaarufu ulileta mgawanyiko, kama kawaida ya vikundi vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lucky Star ilizaliwa kutokana na Black Star, na wapenzi wakagawanyika. Mgawanyiko huo ulikuwa na faida. Kikundi kikitoa wimbo mpya, cha pili hakikulala, na anayetunza alijua kwamba noti yake inahesabiwa kama kura. Kisha ikaja Februari 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Kwa mji ambao Mombasa ilikuwa ndiyo njia yake ya santuri, hilo lilikuwa pigo. Bei ya mkonge nayo ilikuwa ikishuka mbele ya kamba za plastiki. Shakila alihamia Dar es Salaam, akaimba katika taarab ya Jeshi la Wananchi. Redio ikawa ndiyo ukumbi wake, na wapenzi waliokuwa wakitembea mpaka jukwaani wakaandika kadi za salamu, wakataja majina ya ndugu na marafiki, wakaomba wimbo.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya rekodi za Black Star na Lucky Star katika albamu iitwayo Nyota. Wazungu wakazigundua nyimbo ambazo shangazi zetu walikuwa wamezikariri muda mrefu. Wakati huo pwani ilikuwa inaingia zama nyingine. Miaka ya 1990 Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano na Khadija Kopa wa kikundi cha TOT waligeuza mpasho, yaani kumsema mtu kwa mafumbo, kuwa pambano la wazi, na Tanga ikatoa Babloom Modern Taarab. Wazee wengi husema hapo taarab iliharibika. Sikubaliani nao moja kwa moja: anayeinuka na noti kwa ajili ya Khadija Kopa anafanya walichofanya mama zake kwa Shakila. Kilichopungua ni ile subira. Kinanda kikishapangwa mdundo wake kwa mashine, huenda mbele bila kuangalia nani yuko njiani kuja kutunza.

Shakila Said alifariki Dar es Salaam Agosti 2016. Magazeti yalitaja nyimbo zake na vikundi vyake, na yalifanya vyema. Hayakuwataja wale wa kwenye viti.

Wako. Binti aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 amepita 70 sasa, na Chumbageni, Ngamiani na Makorora hawajaisha. Wanawake hawa wanakumbuka nani aliinuka kwenye ubeti upi, kavaa kanga gani, kampelekea nani ujumbe, na Shakila aliupokea vipi. Katika boma la zamani la Wajerumani mjini hapa ipo makumbusho ya Urithi, inayotunza picha na kumbukumbu za Tanga. Wangekaribishwa pale, wawekewe nyimbo zile moja baada ya nyingine, na mtu akae pembeni na kinasa sauti. Swali la kuanzia liwe rahisi: wewe, mama, ulitunza ubeti gani, na ulikuwa unamwambia nani?