Kumbukumbu Zinazovuja

Haya wandugu, leo tuweke kando mambo ya kuandika programu tuzungumze kuhusu chipu zinazosahau.

Kisa kilianza na osiloskopu mbili za Tektronix, modeli 2465B, ambazo mimi na fundi mmoja mzee wa Luthuli Avenue tulinunua kwenye mnada wa chuo kilichokuwa kikisafisha stoo. Kwa asiyeijua, osiloskopu ni mashine inayochora umeme kwenye skrini ili uuone ukipanda na kushuka. Hii ina njia nne na inafika megahezi 400, kwa hivyo enzi zake aliyekuwa nayo aliringa. Moja iliwaka vizuri. Ya pili iliwaka, ikajikagua, kisha ikaandika kosa: kumbukumbu ya kalibresheni, yaani zile namba za kusahihisha vipimo, haisomeki.

"Si hiyo ni memori tu?" mzee akaniambia. "Kijana, wewe si ndiye mtu wa tarakilishi?"

Nami kwa kiburi cha digrii nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Ili uelewe nilikosea wapi, turudi nyuma hadi 1969. Kampuni ya Intel ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilikuwa ikiuza kumbukumbu, sio prosesa. Chipu yake ya 1101, yenye biti 256, ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: ikiwekwa kwenye joto na unyevu mwingi inaanza kuchanganyikiwa. Kazi ya kutafuta sababu akapewa mhandisi mgeni, Dov Frohman, aliyekuwa ametoka tu kumaliza udaktari wake Berkeley. Akagundua kwamba ndani ya chipu kulikuwa na transista ambazo lango lake, ile sehemu inayofungua na kufunga njia ya umeme, halikuwa limeunganishwa na kitu chochote. Lilikuwa linaelea. Chaji ikishaingia hapo, inakwama.

Mtu mwingine angeandika ripoti, kasoro irekebishwe, afunge faili. Frohman akajiuliza swali la kinyume: je, nikilijenga lango linaloelea kwa makusudi? Ukilizungushia kihami pande zote (na kihami chenyewe ni oksidi ya silikoni, ambayo ni jamaa ya kioo cha dirisha), kisha ukasukuma elektroni kwa volti kubwa, zitaruka ndani na hazitapata njia ya kutoka. Lango lenye elektroni linasomeka 0, lisilo nazo linasomeka 1. Ukizima umeme, zinabaki pale pale kwa miaka. Ukitaka kufuta, unaimulika chipu kwa mwanga wa urujuanimno. Elektroni zinapata nguvu ya kuruka na kutoka. Ndiyo maana EPROM za zamani zina kale kadirisha ka kwatzi katikati, ambako ukichungulia unaiona silikoni yenyewe ikimetameta. Mimi nazionea kuwa chipu nzuri zaidi kuwahi kutengenezwa, na siko tayari kubishana.

EPROM ya kwanza kuuzwa, 1702, ilitoka 1971, mwaka ule ule wa prosesa ya 4004. Ilikuwa na biti 2,048, sawa na baiti 256. Meseji mbili ndefu za simu haziwezi kutosha humo. Lakini fikiria ilivyokuwa kabla yake. Ukitaka programu ndani ya chipu uliagiza kiwandani, ukasubiri wiki kadhaa, na ukikuta umekosea herufi moja unaanza upya. Au ulitumia zile za kuchoma fyuzi, ambazo kosa likishaingia ni la kudumu. Kwa EPROM unafuta kwa dakika kama 20, unaandika tena. Sisi tunaobonyeza kitufe na kuona programu ikiendeshwa papo hapo hatuwezi kujua raha waliyoisikia watu wale.

Na Frohman? Baada ya kuvumbua kitu kilichokuja kuitajirisha Intel kwa miaka mingi, aliacha kazi akaenda kufundisha uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha Kumasi, Ghana. Alirudi Intel 1973. Wengi wanaosimulia historia ya chipu huiruka sehemu hii. Mimi hucheka nikikumbuka kwamba joto na unyevu ndivyo vilivyomwonyesha njia, naye akaenda kuishi Kumasi.

Miaka ya sabini ikiendelea, prosesa na kumbukumbu zikaingia ndani ya voltimita na mashine nyingine za kupimia. Mafundi wakapata taabu. Zamani fundi aliweka ncha ya kupimia kwenye waya, akaona wimbi, akalilinganisha na mchoro wa kitabu. Sasa kila waya wa data ulionyesha vurugu tupu. Mwaka 1977 Hewlett-Packard ikaleta dawa, 5004A. Unagusa waya mmoja; mashine inaupitisha mkondo wa biti kwenye rejista ya biti 16, kisha inakuonyesha herufi nne. Kitabu cha matengenezo kinasema herufi nne za waya ule ni zipi. Zikilingana, songa mbele. Zisipolingana, umekaribia ugonjwa. Uwezekano wa mkondo mbovu kutoa herufi sahihi kwa bahati ni kama 1 kwa 65,536. Waandishi wa programu mtalitambua wazo hili mara moja: tunapokagua faili tuliyoipakua tunafanya jambo la ukoo huo huo. Halafu tazama walivyokuwa makini. Baada ya tarakimu 0 hadi 9 walitumia A, C, F, H, P na U, kwa sababu kwenye taa za vistari saba b inafanana na 6 na D inafanana na 0.

Basi, elektroni zilizofungiwa nazo huvuja polepole. 0 inageuka 1, na voltimita iliyofanya kazi miaka 40 inakataa kuwaka. Jua pia ni adui: vitabu vya watengenezaji vilionya kwamba jua la moja kwa moja linaweza kufuta EPROM kwa takriban wiki moja, ndiyo maana kidirisha hubandikwa karatasi. (Ukikuta mashine ya zamani, tafadhali usiibandue ili uone kilicho ndani.) Biti ikiwa imevuja nusu tu, wakati mwingine ukiisoma chipu kwa volti pungufu kidogo ya tano 0 iliyopotea inarudi. Na hata isiporudi si msiba. Programu ni ile ile kwa mashine zote za toleo hilo. Unatafuta mwenye nakala, unaandika chipu mpya, basi.

Hapo ndipo dakika zangu kumi zilipotoka. Nilidhani kumbukumbu ni kumbukumbu.

Chipu iliyokufa kwenye osiloskopu yetu haikuwa EPROM. Ilikuwa DS1225 ya Dallas Semiconductor, baiti 8,192, kumbukumbu ya kawaida iliyofungiwa pamoja na betri ya lithiamu ndani ya plastiki moja. Huwezi kubadilisha betri. Mtengenezaji aliahidi miaka 10 bila umeme. Juu yake iliandikwa 9138, yaani wiki ya 38 ya 1991. Hesabu mwenyewe.

Nikaitoa ile ya mashine nzima, nikaisoma, nikaandika nakala kwenye chipu mpya ya FRAM, ambayo haihitaji betri, nikaiweka kwenye mashine mbovu. Kosa likatoweka. Nikampigia mzee simu kwa furaha. Alikuja na chanzo chake cha volti 5 anachokiamini, akakiunganisha, akatazama skrini kimya. Mstari ulisoma 5.3.

"Hii sasa inadanganya," akasema. "Afadhali ilipokuwa imekufa."

Namba za kalibresheni si programu. Ni barua ambayo fundi wa kiwandani aliiandikia mashine ile moja: transista zako ziko hivi, vikinzani vyako vimepinda kiasi hiki, ongeza hapa, punguza pale. Ya mwenzake haimfai. Na hizo za kwetu zilikuwa mahali pamoja tu duniani, juu ya betri ndogo, kwenye stoo ya chuo. Mimi ambaye nahifadhi hata kazi zangu za mwaka wa kwanza mahali patatu!

Jambo lililonitoa jasho zaidi nilikuja kulifikiria usiku. Ile chipu nzima, nayo ya mwaka ule ule, nilikuwa nimeing'oa kwenye bodi kwa chuma cha solda bila kuwaza kwamba ingeweza kufutika, na tungekuwa na mashine mbili zinazodanganya.

Hiyo nzima sasa ina FRAM yenye namba zake halisi, na nakala ziko salama. Ile nyingine mzee ameibandika karatasi: USIIAMINI. Inasubiri siku tutakapopata pesa za kuipeleka maabara yenye vyanzo vya uhakika, ipimwe upya.

Kwenye rafu yake kuna ya tatu, ya mteja, inayosemekana ilikuwa ikifanya kazi ilipowekwa. Chipu imeandikwa 8947. Tumekubaliana hakuna kuiwasha wala kuichokonoa mpaka nifike Jumamosi na kisomeo changu.